Mionzi ya Ndani na Mwiko wa Mama Mwali

Siku iliyofuata baada ya kurudi kutoka Dar es Salaam nilikwenda bombani na dumu langu. Kwetu Kitangari foleni ya maji ni foleni ya madumu. Watu wenyewe hukaa kivulini wakapiga soga, na dumu ndilo linalomshikia mtu nafasi. Nikaweka la kwangu nyuma ya la jirani, nikaenda kukaa. Nilipotazama tena lilikuwa limesogezwa hatua tatu pembeni, liko peke yake juani.

"Nani kasogeza dumu langu?"

Wanawake wakaangalia kanga zao. Mwishowe jirani yangu, mwenye dumu la mbele, akasema, "Si kwa ubaya, dada. Tumesikia mdogo wako kapigwa mionzi. Sasa mionzi na maji…"

"Mionzi na maji vimefanya nini?"

"Inaambukiza."

"Umesikia wapi?"

"Inasemwa."

Huyo Inasemwa ndiye mwenye cheo kikubwa kuliko wote katika wilaya yetu. Hajawahi kuonekana, hajasoma popote, lakini daktari akisema neno na Inasemwa akasema lake, watu wanamfuata Inasemwa. Nikamuuliza jirani, "Mume wako alipoanguka mkoroshoni akapigwa eksirei ya mguu, mlimtengea kikombe?"

"Ile ilikuwa ya mguu."

Nikarudisha dumu langu kwenye foleni, nikakaa juu yake. Hakuna aliyethubutu kunisogeza mimi mwenyewe. Nina mwili wa kutosha.

Mdogo wangu alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Yeye ni wa tatu kuzaliwa, mimi ni wa kwanza. Baba alikufa nikiwa mdogo, mama akafuata nikiwa na miaka kumi na mitatu, nikaacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wale. Mama alikufa akitoka damu miezi mingi, na wazee wakatuambia ni kijicho cha mtu. Nilikuwa mtoto, niliamini. Ilipoanza damu kwa mdogo wangu, na mume wake wa Masasi akamrudisha kwetu na begi lake kama mtu anayerudisha jembe aliloazima, sikumuuliza mzee yeyote. Tulikwenda hospitali Newala, wakatutuma mbele, na huko mbele wakatutuma Dar.

Tulikaa huko wiki tano, tumepanga chumba na mama mmoja mgonjwa wa Songea. Kila siku ya kazi mdogo wangu alilala chini ya mashine kubwa, ikampiga mionzi kutoka nje. Damu ikakata. Alianza kula. Hapo ndipo daktari, mwanamke mwembamba anayeongea taratibu kama anahesabu maneno, akatuita ofisini akasema tumefika nusu ya kazi.

"Mionzi ya nje imeufinya uvimbe," alisema. "Haijaumaliza. Sasa tunaingia ndani, mara nne, kila Jumanne mara moja. Na nne zote zifanyike kwa mfululizo. Tukichelewesha, uvimbe unaanza kukua tena, na tutakuwa tumemuumiza bure."

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikamuuliza ndani wanaingiaje. Akanieleza kwa Kiswahili cha kawaida, bila kunidharau, jambo ambalo kwetu hata karani wa kijiji halijui. Wanampa dawa asisikie maumivu, wanaweka mirija myembamba kupitia ukeni mpaka penye uvimbe, halafu, kabla ya kufanya lolote, wanampiga picha mirija ikiwa humo humo. Alinigeuzia kompyuta nikaiona ile picha. Ilikuwa ya kijivu na nyeupe, kama udongo uliopasuka. Akanionyesha kwa kalamu: huu uvimbe, hiki kibofu, huu utumbo, hii mirija. Wataalamu wa mahesabu wanakaa na picha hiyo na kupanga mionzi ikae wapi na kwa muda gani, ili iunguze uvimbe na kukiacha kibofu. Ndipo mashine inasukuma kitu kidogo kuliko punje ya mtama, kilichofungwa kwenye ncha ya waya. Kinapita ndani ya mirija, kinasimama pale kilipopangiwa, kinarudi kwenye mashine. Mirija inatolewa. Mgonjwa anaamka anakwenda zake.

"Kikirudi, kinaacha nini mwilini?" niliuliza.

"Hakiachi kitu. Anaweza kumbeba mtoto siku hiyo hiyo."

Nilikaa nje ya mlango mzito siku ya Jumanne ya kwanza. Mdogo wangu alitoka analalamika njaa.

Tungebaki huko mpaka mwisho kama si mjomba wetu. Mjomba ni kaka wa marehemu mama, na kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, hata watoto hao wakiwa na mvi. Shule zilikuwa zimefungwa na korosho zimeshauzwa, akakaa na wazee wake wakapanga tarehe ya unyago. Mtoto wa kike wa mdogo wangu, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa kwenye orodha. Mjomba alijua kwamba mama wa mtoto yuko hospitali. Alitupigia simu kutuarifu tarehe kama mtu anayetangaza mkutano wa hadhara.

Nilimwambia mdogo wangu mtoto aingie mwakani. Akakataa.

"Dada, wenzake wote wanaingia. Na akiingia mimi sipo, wataniimba."

Hili la kuimbwa si dogo. Katika nyimbo za unyago wanawake huweka kila aibu ya mtaa, na mama asiyekuwepo siku mwanawe anaingia ana wimbo wake, unaimbwa mpaka mtoto huyo naye awe bibi. Mtu anaweza kuvumilia saratani asivumilie hilo. Nikamwona mjinga, nikamwambia hivyo, lakini nikamwendea daktari. Akafikiri, akatazama vipimo vya damu, akasema, "Nendeni. Jumanne ijayo saa mbili asubuhi awe hapa. Si Jumatano."

Jumatano tukapanda basi. Alhamisi nikaenda bombani, nimeshasimulia.

Mjomba alitupokea vizuri kwa namna yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamtazama mdogo wangu kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe umepona," alisema.

"Bado, mjomba. Nimebakiza mara tatu."

"Damu si imekata?"

"Imekata."

"Sasa wanatafuta nini tena? Madaktari wa mjini hawa ukiwazoesha hawakuachi."

Kwa mjomba ugonjwa ni ule unaoonekana. Damu ikitoka, unaumwa. Damu ikikata, umepona, njoo upalilie. Mama yetu naye damu ilikata mara mbili kabla ya kufa, na mara zote mbili mjomba huyu huyu alimchinjia kuku wa kupona. Nilimkumbusha kuku wale. Akasema mimi tangu utoto nina maneno.

Jumamosi mwali wetu aliingia. Siwezi kuandika yote ya siku ile, si ya kuandikwa, ila mdogo wangu alifanya kila kinachompasa mama. Alimnyoa mwanawe nywele, akampaka unga, akacheza pale pa kucheza. Alikuwa na furaha, na furaha yake ina kasoro moja, inamfungua mdomo. Jioni haijaingia bado, wanawake wamekaa uani wanapumzika, wakamuuliza, "Hebu tueleze, huko Dar wanakufanya nini?" Akawaeleza. Akaeleza mirija, akaeleza inapopita, akaonyesha na urefu wake kwa mkono. Wakacheka. Mmoja akamuuliza kama hiyo mirija imeoa. Naye akacheka.

Kungwi hakucheka. Kungwi wetu ni bibi mmoja mfupi, macho yake yameanza ukungu, na ameingiza unyagoni mabinti wa vizazi vitatu. Aliweka chini kata ya maji aliyokuwa akinywea.

"Na unakwenda kuingizwa tena?"

"Jumanne, bibi."

"Huendi."

Mwiko wenyewe ni huu. Mwali akiwa ndani, mama yake anajifunga. Halali na mwanamume, hali chumvi, halali kitandani, haogi kwa sabuni, mpaka mtoto atoke baada ya mwezi. Akivunja, mwali anaugua au anakuwa mkavu asizae. Huo ndio mwiko tulioukuta, na hakuna bibi aliyewahi kuulizwa kama unahusu mirija ya hospitali, maana mirija haikuwepo. Kungwi akakata hukumu papo hapo: mama mwali haingiliwi na kitu chochote.

"Hata dawa?" mdogo wangu aliuliza.

"Hata kidole chako mwenyewe."

Akarudi kwangu analia, anasema hataki kumuua mwanawe. Nilikuwa nimesafiri naye kilomita zote zile, nimelala chini wiki tano, nimejifunza kusoma picha ya kibofu cha mtu, na sasa bibi asiyeona mlango wa nyumba yake alikuwa ameona ndani ya mwili wa mdogo wangu kuliko mashine.

Jumapili asubuhi tulikutana barazani kwa mjomba, watu wanne tu: mjomba, kungwi, mdogo wangu na mimi. Basi lilikuwa Jumatatu alfajiri.

Nilianza na mjomba, kwa sababu mjomba ana mikorosho na mtu wa mikorosho anaweza kufundishwa.

"Mjomba, mkorosho ukiwa na ukungu kwenye maua unafanya nini?"

"Napuliza salfa. Swali gani hilo?"

"Na ukiwa na yule mdudu anayetoboa shina, ukipuliza salfa anakufa?"

"Atakufaje? Yuko ndani."

"Unamfanyaje?"

"Unatafuta tundu linalotoka unga. Unaingiza waya, unamchokonoa."

"Na usipomchokonoa?"

"Mti unakauka." Nilimwona likimwingia, na lilimwingia taratibu kama maji kwenye udongo mgumu. "Kwa hiyo huko Dar kwanza walipuliza."

"Walipuliza wiki tano."

"Na sasa wanaingiza waya."

"Na kabla ya kuingiza wanapiga picha wajue tundu liko wapi, wasitoboe mti mzima. Wewe unabahatisha, mjomba. Umeua mikorosho mingapi kwa kubahatisha?"

"Mitatu," alisema. Kisha akakumbuka yeye ni mjomba. "Lakini mwiko ni mwiko. Hilo ni la kungwi, si langu."

Hivyo ndivyo alivyo. Jambo likiwa jepesi ni lake, likiwa zito ni la mwingine.

Kungwi alisema, "Mimi sina ugomvi na waya. Asubiri mtoto atoke. Mwezi si mwaka."

"Bibi, akisubiri mwezi uvimbe unarudi."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Daktari ana mwali ndani?"

Nikaona tutazunguka hivyo mpaka basi liondoke. Ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikamwambia mjomba, "Naomba uniite jina langu."

"Jina gani?"

"Lile mlilonipa siku ya arobaini ya mama."

Kwetu mtu hafi akaacha nafasi wazi. Siku ya arobaini nilikalishwa mkekani, nikafungwa kanga ya mama kifuani, wanawake wakanipaka mafuta, wakasema mama yenu huyu hapa. Tangu siku ile mimi ndiye dada wa mjomba. Mzee mwenye ndevu alimwita msichana wa miaka kumi na mitatu dada, mbele za watu, kwa heshima zote. Aliendelea kuniita hivyo kila alipohitaji mbegu au jogoo wa kuazima, na kila nilipohitaji mimi kitu nikawa mtoto tena. Huyu mdogo wangu ndiye peke yake aliyegoma kuniita mama. Alisema mama yuko kaburini, huyu ni dada. Wengine waliniita mama mpaka wakaoa na kuolewa.

"Mlinifunga kanga au hamkunifunga?" nikawauliza.

"Tulikufunga," mjomba alisema.

"Bibi, wewe ndiye uliyenipaka mafuta. Mimi ni nani?"

Kungwi hakutaka kujibu, lakini kazi yake yote ni kujua nani ni nani. "Wewe ni mama yao."

"Basi mimi ni mama wa huyu na bibi wa mwali. Mama mwali akiwa mgonjwa, mwiko unabebwa na nani?"

Kungwi akainua macho yake ya ukungu upande wangu. Nilijua jibu, nililisikia nikiwa mtoto, mwaka ambao mama mmoja alijifungua mtoto mwingine huku binti yake akiwa mwali ndani. Nilitaka alitamke yeye.

"Bibi anaweza kubeba," alisema. "Akibeba, mama anafunguliwa. Lakini anayebeba hatoki kijijini. Hata Newala haendi. Na akidanganya, inamrudia mtoto."

"Nimebeba."

"Wewe huamini," kungwi alisema.

"Mwiko unataka niamini au unataka nisile chumvi?"

Mjomba akaangua kicheko, kisha akakohoa kukificha. Kungwi akasema haya, na kikao kikaisha. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Mdogo wangu angepaswa kwenda peke yake.

Yeye hajawahi kufanya jambo peke yake. Mimi ndiye niliyempeleka shule, mimi nilimpeleka kwa mume, mimi nikampokea na begi. Jumatatu alfajiri kituoni nilimrudia maagizo mpaka akanishika mkono. "Dada, nimesikia. Jumanne tatu. Nisipofika hata moja, nimeumia bure." Akapanda. Basi lilipoondoka nilisimama pale nimekasirika, sijui nimkasirikie nani, maana kila mtu wa kukasirikiwa alikuwa bado amelala.

Basi nikaushika mwiko. Niliushika wote, sikupunguza. Nilikula ugali na mchicha usio na chumvi, nililala mkekani, nilioga maji matupu, sikumpa mwanamume mkono. Sikufanya hivyo kwa ajili ya mizimu. Nilijua mtoto yeyote anaweza kupata homa ndani ya mwezi mmoja wa Desemba, mvua zimeanza na mbu wametoka, na siku akipata, wataitafuta chumvi kwangu. Wakiipata, watamwita mama yake arudi. Sufuria langu lilikuwa ndilo linalolinda zile Jumanne.

Na walikuja kulikagua. Wanawake wale wale waliosogeza dumu langu walipita wakati wa kupika, mmoja baada ya mwingine, wakitafuta moto, wakitafuta ungo, wakiinama juu ya jiko kana kwamba wamedondosha hereni. Jirani yangu alifikia kuonja.

"Kweli halina chumvi," alisema, amekunja uso.

"Ulidhani nini?"

"Inasemwa unaweka usiku."

"Mwambie Inasemwa aje ale nami siku thelathini."

Jumanne ya pili alipiga simu: tayari. Jumanne ya tatu akapiga: tayari, ila amechoka, na anakojoa kwa maumivu kidogo, daktari amempa dawa. Alisema picha ya safari hii yule mtaalamu wa mahesabu aliitazama kwa muda mrefu akabadilisha mpango, kwa sababu uvimbe umepungua na kibofu kimesogea. "Dada, kila mara wanapiga upya," alisema. "Hawatumii ile ya zamani." Aliongea kama mtu aliyezaliwa mle ndani. Ikabaki moja.

Ijumaa ya wiki hiyo mwali wetu akashikwa na homa.

Sikuambiwa. Mjomba ndiye aliyeambiwa, na mjomba, bila kuniuliza mimi dada yake niliyekuwa napalilia mita mia mbili kutoka kwake, akapiga simu Dar. Nilijua pale simu yangu ilipolia nikiwa shambani. Mdogo wangu alikuwa anahema.

"Mjomba kasema mwanangu anakufa. Nimeshafunga begi. Kuna basi kesho."

"Fungua begi."

"Dada, kasema anakufa kwa sababu yangu. Kasema ni ile mirija."

"Umekula nini leo?"

"Sijala."

"Kula. Usiende stendi. Nipe saa mbili, nitakupigia nikiwa na mwanao."

"Huruhusiwi kuingiza simu kwa mwali."

"Kula," nikamwambia, nikakata.

Nilipitia zahanati kwanza. Nesi wa zamu ni msichana wa Nanganga aliyepangiwa kazi kwetu, hana ndugu hapa na hamwogopi mtu. Nilimweleza. Akachukua vile vipimo vya malaria vya kutoboa kidole na dawa, tukaenda wote.

Kungwi alikuwa mlangoni kwenye kigoda. "Wewe umekula chumvi," aliniambia kabla sijafika.

"Niletee ulimi wako uniguse, bibi, kama nina chumvi utaijua. Huyu nesi anaingia."

"Haingii asiyefundwa."

"Nimefundwa," nesi alisema. "Kwetu Nanganga. Uliza unachotaka."

Kungwi akamuuliza jambo, naye akamjibu jambo, kwa maneno ambayo siyaandiki. Akampisha. Kwangu mimi akaweka mguu. Alikuwa ameiona simu mkononi.

"Hiyo haiingii."

"Mimi ni bibi wa mwali. Umesema mwenyewe barazani. Kuna mahali katika nyumba hii bibi wa mwali anazuiwa?"

Akavuta mguu wake.

Mtoto alikuwa amejilaza ukutani, amefunikwa kanga mbili, midomo imekauka. Haikuwa homa ya kifo, wala haikuwa ya kusubiri. Nesi akamtoboa kidole, tukangoja. Mistari ikatokea miwili.

"Malaria," nesi alisema. "Kama nusu ya kijiji wiki hii. Anywe hizi, ale uji. Kesho nitakuja kumtazama tena."

"Mbu hajauliza chumvi," nikamwambia kungwi. Yeye ndiye aliyekwenda kukoroga uji, na alikoroga haraka kwa mtu wa umri wake.

Nikampigia mdogo wangu, nikaiweka simu sikioni kwa mtoto. Nilitarajia walie. Mtoto akasema, "Mama, binamu kachukua kanga yangu ya njano anasema ni yake." Kisha akasikiliza. Kisha akasema, "Kichwa tu. Nimechomwa kidole." Akasikiliza tena. "Bibi kasema usije. Na mimi nasema usije, utaniaibisha, hakuna mama anayekuja katikati."

Nikaichukua simu. Upande wa pili mdogo wangu alikuwa anacheka na kulia, lakini zaidi alikuwa anacheka.

"Begi?" nikamuuliza.

"Nimelifungua."

Nilipita kwa mjomba nikirudi. Alikuwa anasuka kamba, akajifanya haoni.

"Simu yako nzuri, mjomba?"

"Nzuri."

"Mpaka Jumanne usiitumie."

Akaniita dada, akaniomba nikae. Sikukaa. Jumanne nilikaa shambani tangu asubuhi na simu mfukoni mwa gauni, sikupalilia hata mstari mmoja. Saa nane mchana ikalia. "Wamemaliza," mdogo wangu alisema. "Daktari kasema nne zimetimia." Hatukukata simu mpaka salio lake likaisha.

Mwali wetu alitoka na wenzake, amenenepa kidogo, amevaa kanga ya njano. Mama yake alifika siku moja kabla. Wakamwimba hata hivyo, wimbo mzima wa mama aliyeolewa na mirija huko Dar, wenye ubeti wa picha na ubeti wa waya, na yeye akaingia katikati akaucheza kuliko wote. Jirani yangu wa bombani ndiye aliyekuwa anauongoza. Simsamehe, ila ubeti wa picha alitunga vizuri.

Baada ya miezi mitatu nilimrudisha kliniki. Daktari yule yule akampima, akamtuma kupigwa picha, akakaa nazo. Alisema kwa sasa haoni kitu. Alirudia hilo la kwa sasa mara mbili, akitutazama wote wawili, akasema tutarudi kila baada ya miezi mitatu, tena na tena, na tusifikiri kutotoka damu ndiko kupona. Nilitamani mjomba angekuwepo akasikia.

Mjomba ameshapata maelezo yake. Anakaa barazani anawaambia watu kwamba mpwa wake alipona kwa sababu mwiko ulishikwa sawasawa, kizazi hiki kimezoea kuvunja ndiyo maana kinakufa. Anataja mkorosho, anataja waya, lakini mwisho wake ni mwiko, na katika masimulizi hayo aliyetoa wazo la mimi kuubeba ni yeye. Wageni hutikisa vichwa kukubali. Wiki iliyopita alimsimulia mgeni mmoja wa Masasi nikiwa nimekaa pale pale, nachambua choroko. Kungwi naye alikuwepo, akaitikia ndiyo, ndiyo.

Sikumbishia. Nilimngoja mgeni aondoke, nikamwambia tarehe ya kliniki ijayo, na kwamba safari hii mimi napanda mihogo. Yeye ndiye atakayempeleka mdogo wangu, atakaa naye kwenye benchi, na ataingia ofisini kwa daktari.

"Mimi nikaseme nini kwa daktari?" aliuliza.

"Usiseme. Atakuonyesha picha. Utazame."

Amekwishaniuliza mara mbili basi linaondoka saa ngapi.